Kabla Hujatuma Mtaji Tanga

Kutoka Likoni hadi mpaka wa Lunga Lunga ni matatu ya asubuhi moja, na ukivuka upande wa Horohoro unakuta Kiswahili kilekile, sarafu tu ndiyo imebadilika. Ndiyo maana mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe akiwaza kufungua biashara nje ya nchi, Tanga huja kichwani mapema. Ujuzi unao, akiba iko kwenye simu, pengine hata shangazi yuko kule wa kukupokea.

Sasa angalia biashara yenyewe. Mwishoni mwa Julai 2025, serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Uwakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu umo. Kutengeneza simu kumo. Saluni imo, isipokuwa ya hotelini au ya watalii. Duka la rejareja limo pia, ila supamaketi imeachwa. Yaani kile kibanda unachokijua vizuri ndicho hasa usichoruhusiwa kukifungua. Ukikamatwa, faini haipungui shilingi milioni 10 za Tanzania, kuna kifungo cha hadi miezi 6, na kibali cha kuishi kinafutwa.

“Si nitaandikisha kwa jina la binamu yangu?” Wengi huwaza hivyo. Amri imemfikia na binamu: raia anayemsaidia mgeni kuzunguka sheria hutozwa faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Na leseni ikiwa kwa jina lake, siku mkigombana duka ni lake.

Lakini sote si Afrika Mashariki? Ndiyo, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inataja haki ya kuishi na kufanya biashara nchi jirani. Kenya ililalamikia amri hii. Hata hivyo, anayekagua leseni dukani atakuuliza karatasi, hatakuuliza itifaki.

Kama biashara yako haimo kwenye ile orodha, hapo kuna njia. Kampuni husajiliwa BRELA, kisha namba ya mlipa kodi, kisha leseni. Mwekezaji huomba kibali cha ukaazi Daraja A kwa Idara ya Uhamiaji. Pasi ya mgeni unayogongewa mpakani ni ya kutembea tu, si ya kuuza.

Pesa nazo zina utaratibu wake. Ada za serikali ya Tanzania hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Mtu akikwambia “nitumie kwa laini yangu nikushughulikie kibali”, usitume, hata kama anavaa sare. Kodi ya fremu ya duka pia isitangulie kibali. Pesa ya simu ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha ni kazi. Na kila ujumbe wa muamala utunze, maana ukiulizwa mtaji umetoka wapi, ndio utakaokutetea.