Kigugumizi Kilichogeuka Wimbo

Wapo wanaodhani kwamba muziki wa majaribio ni kelele za watu waliokosa la kufanya. Mfano wa Alvin Lucier, Mmarekani aliyefariki mwaka 2021, unalikanusha dai hilo.

Lucier alikuwa na kigugumizi. Mnamo 1969 aliketi chumbani, akarekodi usemi wake, akaupiga humo humo kwa kipaza sauti na kuurekodi tena na tena, hadi mwangwi wa chumba ukayameza maneno yote, zikabaki sauti mithili ya kengele. Katika santuri ya 1981 wazo lenyewe tunalisikia ndani ya usemi huo: hakukusudia hasa kuthibitisha kanuni ya fizikia, bali kulainisha kasoro za matamshi yake.

Kwa mwanaisimu, hapa pana funzo. Konsonanti na irabu zinapotoweka, kinachosalia ni mdundo. Na kigugumizi ni sehemu ya mdundo huo. Kumbe ila aliyotaka kuilainisha ilichangia kuupa wimbo umbo lake!

Basi mwalimu amkatizaye mtoto mwenye kigugumizi, akamkamilishia sentensi, ajiulize anakimbilia wapi. Chumba cha Lucier hakikumharakisha.