Adhabu Hii ni kwa Kusudi Gani?

Kanuni ya adhabu inayotumika hata leo katika mahakama za Kisangani ni ile ya dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, iliyotungwa na Wabelgiji na kurekebishwa mara nyingi baada ya uhuru. Na mwenye kuifungua atakuta katika kurasa zake za awali orodha ya adhabu alizoruhusiwa hakimu kuzitoa: kifo, kazi za shokoa, kifungo, faini, kutaifishwa kwa kitu kilichotumika katika kosa au kilichopatikana kwalo, amri ya kukaa mbali na mahali fulani, amri ya kukaa mahali maalumu, na kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Asichokikuta ni kifungu cha kumwambia hakimu adhabu hizo zimekusudiwa nini.

Waingereza wao wameyaandika makusudio hayo wazi, kwanza katika sheria yao ya 2003 na sasa katika sheria ya hukumu ya 2020, nayo ni matano: kumwadhibu mkosaji, kupunguza uhalifu, ikiwa ni pamoja na kuwatia wengine hofu, kumrekebisha mkosaji tabia, kuwahifadhi raia, na kumfanya aliyedhulumu amlipe aliyedhulumiwa. Hakimu wa huko anapomhukumu mtu mzima hana budi kuyazingatia, na kwa ajili hiyo amepewa ngazi za adhabu zinazopanda taratibu: kumwachilia kwa sharti, faini, kazi ya bure kwa manufaa ya umma ya saa 40 hadi 300, kifungo kilichosimamishwa, kisha kifungo chenyewe hadi cha maisha. Wala makusudio hayo hayapatani siku zote, maana hukumu itakayowatisha wengi huenda ikamharibu huyu mmoja aliyeweza kutengenea. Lakini hakimu aliyeyaona yakigongana hulazimika kuchagua, na mwenye kuchagua aweza kuulizwa sababu.

Kwetu Kongo makusudio yalisomeka katika vitendo kuliko katika maandishi. Fimbo ya wakoloni, iliyopunguzwa hadi viboko 8, kisha 4, ikafutwa 1959, ilikuwa ya kutisha tu. Na wafuasi wa nabii Simon Kimbangu waliohamishwa kwa amri ya utawala hadi Lowa, huko juu ya mto kutoka hapa, waliondolewa machoni pa watu wao pasipo mtu kujali kama watatengenea au hawatatengenea. Hata Patrice Lumumba, karani wa posta wa mji huu ulipokuwa bado Stanleyville, aliyekamatwa Julai 1956 kwa fedha za posta, alihukumiwa kifungo cha miaka 2, kikapunguzwa kuwa miezi 18 katika rufani, ingawa fedha zenyewe zilirudishwa. Malipo yalikwisha patikana. Basi ile miezi ilikuwa ya nini? Naamini swali hilo lilistahili jibu la maandishi.

Nalo linastahili jibu leo katika kesi ndogo kuliko hiyo. Tuseme kijana wa Mangobo, ambaye hajapata kuhukumiwa, ameiba baiskeli ya toleka, yaani ya kubebea abiria kwa malipo, na mwendeshaji aliyeibiwa alikuwa akiikodi, akimpelekea mwenye baiskeli hesabu kila jioni. Wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 5, kwa hiyo kesi husikilizwa na mahakama ya amani. Hakimu akimpa mwaka mmoja, kijana ataingia buloko iliyojaa kupita kiasi, humo akae na wanaongoja kesi zao na wazoefu wa uhalifu, na chakula chake kitegemee sana mama atakayekuja na sufuria; na mwendeshaji atarudi kwake hana baiskeli, na deni la hesabu liko pale pale.

Ajabu ni kwamba zana za hukumu iliyo bora zimo katika sheria yetu tangu zamani. Sheria inamruhusu hakimu kukisimamisha kifungo cha mtu ambaye hana hukumu ya nyuma, asiingie gerezani ila akikosa tena katika muda aliowekewa. Inamruhusu kupunguza adhabu kwa hali zinazomtetea. Na kuhusu fidia inampa uwezo wa kuamuru, kwa hiari yake mwenyewe, kwamba ilipwe hata kama aliyedhurika hakuiomba, na kwa kufuata desturi za mahali. Sijui kifungu kinachowafaa zaidi watu wa kwetu kuliko hicho, kwani mnyonge asiyemudu wakili mara nyingi hajui kama ana haki ya kudai chochote. Hata aliyekwisha fungwa aweza kuachiliwa kwa masharti akitimiza robo ya kifungo, maadamu amekaa zaidi ya miezi 3.

Yako makosa yasiyofaa kupewa upole huo. Ubakaji, kwa sheria ya 20 Julai 2006, una kifungo cha miaka 5 hadi 20, na hapo ulinzi wa wanawake na watoto hutangulia mengine yote, wala kosa hilo halimalizwi kwa faini ya mapatano. Lakini kwa mwizi wa baiskeli namwomba hakimu jambo moja lisilohitaji sheria mpya wala fedha za Kinshasa: chini ya kifungo alichokitoa aongeze mistari michache ya kueleza amekusudia nini, kwa nini kukisimamisha kusingetosha, na mwendeshaji wa toleka atalipwa kiasi gani, na nani, na lini.