Kuhamia Toleo Jipya Ndani ya Mashine Pepe

Tarehe 14 Oktoba 2025 ulimalizika muda wa kampuni ya Microsoft kuuhudumia mfumo wa uendeshaji uitwao Windows 10. Kompyuta zilizokuwa zikiutumia hazikuzimika siku ile. Lakini nyufa za usalama zinazogunduliwa baada ya tarehe hiyo hazizibwi tena, ila kwa wale waliojiandikisha katika mpango maalumu wa muda.

Chukulia skuli ya sekondari huko Matemwe, kaskazini-mashariki ya Unguja, mkabala wa kisiwa cha Mnemba. Mwalimu ana kompyuta moja tu iliyo nzima, nayo ndiyo yenye programu ya alama na kazi za wanafunzi za miaka mitatu. Akihamia toleo jipya na kazi ikaharibika katikati, fundi yuko Mjini, na mitihani haimngoji fundi. Kwa sababu hiyo yafaa jaribio lifanywe kwanza ndani ya mashine pepe.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na bati wala nyaya. Ni programu inayoiga kompyuta nzima, hata mfumo wa uendeshaji uliosimikwa ndani yake huamini kwamba una diski yake, kumbukumbu yake na saa yake. Kompyuta ya kweli huitwa mwenyeji, na ile ya kuigwa huitwa mgeni. Diski ya mgeni, kwa hakika, ni faili moja kubwa lililomo katika diski ya mwenyeji. Likinakiliwa faili hilo, imenakiliwa kompyuta nzima.

Fikra hii si changa. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972, na mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo mashine ya kweli yapaswa kuyatimiza ili iweze kuwabeba wageni wa namna hii. Mwaka huohuo, yafaa ikumbukwe, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini.

Mwalimu wetu wa mfano amekwisha kusimika Windows 10 ndani ya mgeni, pamoja na nakala ya programu ya alama, na sasa anataka kuhamia Windows 11. Mara hukataliwa. Toleo hilo hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na kidude cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Mashine pepe iliyoundwa kwa ajili ya Windows 10 kwa kawaida haina kidude hicho, hata kama mwenyeji anacho. Mgeni haoni ila kile alichoonyeshwa. Programu ya VirtualBox ilianza kutoa TPM ya kuigwa katika toleo la 7.0, mwaka 2022, na kuiongeza ni kazi ya dakika moja.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Toleo jipya hutaka pia mashine iwashwe kwa njia ya EFI badala ya BIOS ya zamani. Mtu hubadili mpangilio huo, huwasha, na mgeni hakatai wala hakubali: kiwambo hubaki cheusi. Diski haikuharibika. Iligawanywa kwa utaratibu wa zamani wa MBR, ilhali Windows ikiwashwa kwa EFI hutaka utaratibu wa GPT. Basi irudishwe BIOS, Windows 10 iwashwe tena, diski igeuzwe kwa programu ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows yenyewe, mashine izimwe, na baada ya hayo ndipo EFI ichaguliwe.

Nafasi nayo ina hila yake. Kulikuza faili la diski hakukuzi sehemu iliyogawanywa ndani yake; ni sawa na kuongeza uwanja bila kusogeza ukuta wa nyumba. Mgeni lazima aambiwe naye aipanue sehemu yake. Tena kazi hiyo itangulie kupigwa picha ya hali, yaani alama ya kurudia iwapo jaribio litashindikana. Picha ikishapigwa, faili la asili hufungwa, na mabadiliko yote huandikwa katika faili la tofauti. Ndiyo maana picha ya hali si akiba: likipotea faili la asili, la tofauti halifai kitu. Akiba ni nakala iliyowekwa katika diski nyingine, mgeni akiwa amezimwa.

Likitokea kosa la namba 0xC1900101, na Windows ikajirudisha yenyewe katika hali ya zamani, ashukiwe kwanza mtumishi wa vifaa, yaani ile programu ndogo inayounganisha mfumo na kifaa. Katika mashine pepe mshukiwa wa karibu ni programu za usaidizi za mgeni, zile zinazolainisha kiwambo na kipanya. Ziondolewe, jaribio lirudiwe, kisha zisimikwe upya. Jambo moja tu libadilishwe kila mara, kama katika maabara ya fizikia; na hapa mashine pepe ina faida kuliko maabara, kwani kila jaribio laweza kuanzia hali ileile hasa.

Saa husahauliwa. Betri ndogo ya mwenyeji mkongwe ikifa, umeme ukikatika tarehe hurudi miaka nyuma, na mgeni huipokea tarehe hiyo. Hapo vyeti vya usalama vya mtandao huonekana havijaanza kutumika, na mafaili mapya hukataa kushuka. Wanafunzi hulaumu mtandao bure.

Kuhusu umeme wenyewe, Unguja huupata kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kilikaa bila huduma hiyo. Kwa mgeni anayehama toleo, dakika tano za giza zatosha. Baadhi ya maandishi huwa bado yamo katika kumbukumbu ya mwenyeji, hayajafika kwenye diski, na mfumo huamka ukiwa nusu mpya, nusu wa kale. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ndiyo mwenyeji afaaye.

Mgeni akifaulu, bado hajasema lolote juu ya mashine ya kuchapia wala kadi ya mtandao ya mwenyeji, kwa kuwa hakuvigusa kamwe. Hivyo hujaribiwa katika kompyuta ya kweli, kazi za wanafunzi zikiwa zimekwisha kunakiliwa kwingine.