UFIKIVU WA TASNIFU ZA KISWAHILI KATIKA HAZINA ZA KIDIJITI: NAFASI YA MSOMAJI ASIYEONA

Ikisiri

Makala haya yanafafanua masharti yanayoiwezesha tasnifu ya Kiswahili, ikishawekwa kwenye hazina ya kidijiti, kusomwa na mtu asiyeona au mwenye uoni hafifu. Hoja kuu ni kwamba faili kupatikana mtandaoni si sawa na faili kusomeka. Makala yanaonesha namna kisoma-skrini kinavyoifasiri tasnifu, yanabainisha matatizo yanayozihusu matini za Kiswahili hasa, yaani utambulisho wa lugha, mpangilio wa ushairi na michoro matawi, kisha yanapendekeza mgawanyo wa wajibu kati ya mtafiti, idara na maktaba.

1.0 Utangulizi

Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki huhifadhi tasnifu katika hazina za kidijiti zilizo wazi kwa umma. Hatua hiyo imeondoa kikwazo cha umbali: mtafiti aliyeko Kigoma anaweza kusoma kazi iliyotahiniwa Dar es Salaam bila kusafiri. Hata hivyo, iko aina nyingine ya umbali ambayo mtandao peke yake hauiondoi. Mwanafunzi asiyeona anaweza kuifikia anwani ya tasnifu, akaipakua, akaifungua, na bado asisikie hata neno moja, kwa sababu kurasa zake ni picha za karatasi wala si maandishi.

Tatizo hilo si dogo kitaaluma. Utafiti huanza kwa kupitia kazi tangulizi. Asiyeweza kusoma kazi hizo hawezi kuonesha pengo la utafiti wake, hawezi kutetea hoja yake mbele ya jopo, wala hawezi baadaye kuteuliwa kuwa mtahini. Kwa hiyo, faili lisilosomeka humwondoa mtu katika mjadala wa taaluma kabla hajapewa nafasi ya kusema.

2.0 Msingi wa kisheria na wa kiufundi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Ibara yake ya 9 inahusu ufikivu, ikiwemo wa taarifa na teknolojia ya mawasiliano. Ibara ya 24 inahusu elimu, na inataja elimu ya juu waziwazi. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, mwaka ambao pia Kenya ilipata Katiba ambayo Ibara yake ya 54 inatambua haki ya kutumia lugha ya alama, nukta nundu au njia nyingine zifaazo za mawasiliano.

Kwa upande wa ufundi, rejeleo linalotumika zaidi ni Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, ujulikanao kwa kifupi kama WCAG, unaotolewa na shirika la W3C. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 mwaka 2023. Mwongozo huo umejengwa juu ya misingi minne: maudhui yaweze kuhisiwa kwa mlango wa fahamu alionao mtumiaji, yaweze kuendeshwa kwa kifaa anachokimudu, yaeleweke, na yawe imara kiasi cha kusomwa na programu mbalimbali. Masharti yake yamepangwa katika viwango vitatu, A, AA na AAA. Kwa faili za PDF, ambazo ndizo umbo la kawaida la tasnifu, upo pia mfumo wa viwango wa PDF/UA, uliotolewa na shirika la ISO kwa mara ya kwanza mwaka 2012.

3.0 Jinsi kisoma-skrini kinavyoisoma tasnifu

Kisoma-skrini ni programu inayogeuza maandishi ya kompyuta kuwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. NVDA, programu inayotolewa bila malipo, ni mojawapo ya zinazotumika sana. Programu ya namna hii haioni ukurasa kama jicho linavyouona. Husoma herufi zilizomo ndani ya faili pamoja na vitambulisho fiche vinavyoeleza kuwa kipande hiki ni kichwa cha sehemu, kile ni aya, na kingine ni jedwali.

Tofauti hiyo inaeleza kasoro nyingi. Mtafiti akikoleza wino na kukuza herufi ili “2.3 Mkabala wa Kinadharia” ionekane kama kichwa, jicho litaridhika, lakini kwa kisoma-skrini hiyo ni aya kama aya nyingine. Akitumia mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu ya kuandikia, msomaji asiyeona ataweza kuruka kutoka sura hadi sura kwa kubonyeza kitufe kimoja. Katika tasnifu ya kurasa 300, hiyo ni tofauti kati ya kuitafuta hoja kwa dakika chache na kusikiliza kazi nzima tangu tamko la mtafiti. Mtindo huohuo ndio unaoiwezesha programu kuunda yaliyomo yenyewe. Hivyo mtafiti naye hunufaika.

Namna ya kuunda PDF nayo ina uzito. Faili likihifadhiwa kama PDF moja kwa moja kutoka programu ya kuandikia, kwa kuchagua kuhifadhi vitambulisho vya muundo, kazi ya mtafiti hubaki. Likipitishwa kwenye amri ya kuchapa kuwa PDF, kwa kawaida vitambulisho hivyo hupotea.

Wanaonufaika si wasioona pekee. Msomaji mwenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, anahitaji herufi zinazokuzwa bila kufifia na rangi zinazotofautiana vya kutosha. WCAG katika kiwango cha AA inataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Picha ya ukurasa ikikuzwa, herufi hupasuka na kuwa ukungu.

4.0 Masuala mahususi ya matini za Kiswahili

4.1 Utambulisho wa lugha

WCAG inataka lugha kuu ya maudhui itambulishwe ndani ya faili. Kwa Kiswahili, msimbo wake ni “sw”. Kompyuta nyingi zimewekwa Kiingereza tangu kununuliwa, na mtafiti huandika tasnifu nzima ya Kiswahili ndani ya faili linalojitambulisha kuwa la Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba sauti huyatamka maneno “pole”, “wake”, “mate” na “same” kama maneno ya Kiingereza yenye silabi moja. Msikilizaji hulazimika kukisia alichokusudia mwandishi.

Hasara hiyo inasikitisha zaidi kwa kuwa tahajia ya Kiswahili inaafiki usomaji wa mashine. Herufi hulingana na sauti kwa kiasi kikubwa, na mkazo kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yapo maneno machache yanayoikiuka kanuni hiyo, kama “barabara” yenye maana ya “sawasawa”, ambayo muktadha huyafafanua. Sauti ya Kiswahili tayari imo katika NVDA kupitia kiunda-sauti eSpeak NG. Kinachokosekana mara nyingi ni faili kusema kwamba limeandikwa kwa Kiswahili. Tasnifu ikinukuu Kiingereza au Kiarabu, vifungu hivyo navyo vitambulishwe kwa lugha zake.

4.2 Mpangilio wa ushairi

Shairi la mishororo minne lenye ukwapi na utao huwa na vipande vinane, na uzuri wake umo katika mwafaka wa vina vya kati na vya mwisho. Baadhi ya waandishi huupanga ubeti katika safu wima mbili, kama safu za gazeti: ukwapi kushoto, utao kulia. Kisoma-skrini hushuka safu ya kwanza hadi chini ndipo kianze ya pili. Msikilizaji husikia ukwapi wa mishororo yote minne kwanza, kisha utao wa yote minne. Maana huvunjika, na uchambuzi wa vina unaofuata hauwezi kuhakikiwa, kwa sababu shairi alilolisikia si lile linalochambuliwa.

Tiba ni nyepesi: kila mshororo uandikwe katika mstari mmoja, vipande vikitenganishwa kwa koma. Ikilazimu kutumia safu, jedwali halisi hufaa zaidi kwa kuwa husomwa safu mlalo kwa safu mlalo. Ikumbukwe kwamba ushairi wa Kiswahili ulighaniwa na kusikilizwa kabla ya kupigwa chapa. Msomaji anayeupokea kwa sikio hajaingia kwa mlango wa nyuma. Amekaa mahali pa hadhira ya asili. Kwa miswada ya hati za Kiarabu iliyowekwa kama picha, unukuzi wa hati za Kirumi katika ukurasa huohuo unahitajika.

4.3 Michoro matawi na mifano ya kiisimu

Mchoro wa sintaksia usio na matini mbadala hutamkwa “picha” na kupitwa. Matini mbadala haitakiwi kusema tu “mchoro matawi wa sentensi”, bali ibebe taarifa iliyomo. Kwa sentensi “Juma anasoma kitabu”, maelezo yanaweza kuwa: “Sentensi ina matawi mawili, kirai nomino na kirai kitenzi. Kirai nomino kina nomino Juma. Kirai kitenzi kina kitenzi anasoma na kirai nomino chenye nomino kitabu.” Maelezo hayo humpima pia mtafiti mwenyewe: asiyeweza kuusimulia mchoro wake huenda hajauelewa.

5.0 Tasnifu zilizohifadhiwa kama picha

Tasnifu za zamani zilizopigwa taipu hazina budi kuingizwa kwa skana. Hizo zinahitaji kupitishwa kwenye programu ya kutambua herufi na kisha kuhakikiwa na mtu. Uhakiki ni wa lazima katika Kiswahili kwa sababu herufi moja hubeba dhima ya kisarufi. “Alilisoma” ikidondosha “l” ya pili huwa “aliisoma”. Kilichosomwa si gazeti tena bali barua. Vilevile, ritifaa ya “ng’” ikipotea, matamshi hubadilika.

Zipo pia tasnifu mpya zinazochapwa, kutiwa saini, kisha kuskaniwa zote ili kupata kurasa zenye saini. Utaratibu huo huharibu faili zima kwa ajili ya kurasa mbili au tatu. Inatosha kuskani kurasa za ithibati na tamko pekee na kuziunganisha na faili asilia.

Kisingizio cha hakimiliki nacho kimepungua nguvu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, unataka sheria za nchi wanachama ziruhusu nakala za kazi zilizochapishwa, au zilizotolewa kwa umma kwa njia nyingine, kugeuzwa kuwa umbo linalosomeka kwa wasioona. Kenya, Uganda na Tanzania ni miongoni mwa nchi wanachama.

6.0 Mgawanyo wa wajibu

Ufikivu ukiachwa mikononi mwa mtu mmoja hautatekelezwa. Mtafiti anaweza kutumia mitindo ya vichwa, kutambulisha lugha, na kuandika matini mbadala wakati wa kuandika, si baada ya utetezi. Idara inaweza kutoa kiolezo cha tasnifu chenye mitindo hiyo, na kuuingiza ufikivu katika mwongozo uleule unaodai ukubwa wa herufi na upana wa pambizo. Maktaba inaweza kukataa faili la picha tupu kama inavyokataa tasnifu isiyo na ikisiri, na kuepuka kufuli za faili zinazozuia usomaji kwa sauti.

Huweza kudaiwa kwamba wasomaji wasioona ni wachache na kwamba mwenzao anaweza kuwasomea. Hoja hiyo haikidhi. Uchache wao kwa sehemu ni matokeo ya kizuizi chenyewe. Na anayesomewa husoma kwa saa za mwenzake, hawezi kurudia kifungu mara kumi, wala hawezi kuificha hoja anayoiandaa mpaka ikomae. Utafiti unahitaji faragha na uhuru huo.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba usomekaji wa tasnifu huamuliwa zaidi na maamuzi madogo ya uandishi kuliko na vifaa ghali. Wanataaluma wa Kiswahili wamejitahidi kwa muda mrefu kuthibitisha kwamba lugha hii inamudu taaluma katika ngazi ya juu. Uthibitisho huo hubaki pungufu iwapo maarifa yaliyoandikwa kwa Kiswahili hayamfikii Mswahili asiyeona. Kipimo cha kuanzia kiko karibu: kabla ya kuwasilisha nakala ya mwisho, mtafiti na msimamizi wake waifungue kwa kisoma-skrini, wazime kioo, na wasikilize sura moja.