Kigeu Kisichofungamana: Suala la Jina la Pili

Miongoni mwa Wanande wa Mulekera, mjini Beni, majina kama Kambale na Kasereka hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Hubebwa na wengi, hivyo jina la pili ndilo hasa humtenganisha mtu na mwenziwe. Tuchukulie fomu ya mtandaoni ya kuandikisha wanafunzi: ukurasa waita nafasi hiyo "jina_la_pili", ilhali kigeu kinachoipokea kwenye seva kimeandikwa "jina_lapili". Kwetu hilo ni kosa la tahajia tu. Kiunzi cha programu, hata hivyo, hufungamanisha kwa kulinganisha herufi. Kisipoona mfanano, mara nyingi hakilalamiki, bali huacha kigeu kitupu. Ndipo akina Kambale wawili, wote Jean, hugeuka mtu mmoja, na alama za mtihani zikachanganyika. Kabla ya kuishuku hifadhidata, yaorodheshwe majina ya nafasi zote zilizofika kwenye seva, yalinganishwe na ya vigeu herufi kwa herufi.