Kupunguza Matumizi ya Mafuta ya Pikapu
Mashauri kwa mkulima mwenye gari la kuchukulia mazao

Mkulima mwangalifu huhesabu bei ya mbegu, na mbolea, na ujira wa vibarua, hata akajua kila gunia limemgharimu kiasi gani mpaka kutoka shambani. Lakini wengi wakiisha kupakia mazao garini, hesabu husahauliwa. Husema, "Gari hili lanywa mafuta, tufanyeje?" Neno hilo si la mtu mwenye kutaka faida. Gari lile lile, katika njia ile ile na kwa mzigo ule ule, laweza kutumia mafuta mengi au machache kwa jinsi linavyotunzwa na kuendeshwa.

Watazame wakulima wa Lushoto. Kabichi, karoti na nyanya zao hushuka kwa barabara ya milimani, zaidi ya kilometa 30 mpaka Mombo, kisha nyingine huendelea hata Dar es Salaam. Mboga hazingoji, wala mnunuzi hamwongezei bei mtu aliyeteketeza mafuta mengi njiani. Mafuta hayo hulipwa kwa faida yake mwenyewe.

1. Pima kwanza

Huwezi kupunguza kitu usichokipima. Jaza tangi kabisa, uandike katika daftari tarakimu za kilometa zilizo mbele ya dereva. Fanya safari zako kama desturi. Siku ya kujaza tena, andika lita zilizoingia na kilometa mpya. Gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita hizo. Kama umekwenda kilometa 420 na tangi limepokea lita 42, basi gari lako limekwenda kilometa 10 kwa lita moja.

Usidhani ya kwamba tofauti ndogo si kitu. Tuseme safari yako ni kilometa 600, kwenda na kurudi. Gari liendalo kilometa 9 kwa lita litatumia karibu lita 67. Liendalo kilometa 10 litatumia lita 60. Ukisafiri mara mbili kila mwezi, kwa mwaka mmoja umeokoa lita 160. Tena daftari litakuonya: hesabu ikishuka ghafula, kuna ugonjwa katika gari.

2. Mzigo na safari

Safari ipotezayo mafuta kuliko zote ni ile ya gari lililojaa nusu, na ile ya kurudi tupu. Yafaa upatane na jirani zako, mazao yenu yachukuliwe pamoja, na gharama igawanywe kwa uzito. Wakati wa kurudi, leta mbolea, mbegu au bidhaa za duka la kijijini. Lakini usipite uzito ulioruhusiwa na watengenezaji wa gari. Anayezidisha mzigo huokoa lita chache na kununua springi na matairi mapya.

Shusha vitu visivyo na kazi. Mawe, vyuma na majembe yanayokaa bodini siku zote huchukuliwa kila safari bila kulipa nauli.

3. Upepo wa matairi

Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, na injini hulipa kazi hiyo kwa mafuta. Upepo ukipungua kwa PSI 10 katika matairi yote, matumizi huzidi kwa karibu asilimia 2. Hasara kubwa zaidi ni kwamba tairi legevu lenye mzigo hupata joto jingi, na mwisho hupasuka.

Kipimo kifaacho kimeandikwa katika kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa pikapu nyingi kuna hesabu mbili: ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Pima kila juma, asubuhi, matairi yakiwa baridi. Tairi likilika upande mmoja, peleka gari likanyoshwe magurudumu.

4. Mwendo

Gari likienda mbio, hulazimika kusukuma hewa iliyo mbele yake. Kizuizi cha hewa hiyo katika mwendo wa kilometa 100 kwa saa chapita kile cha kilometa 80 kwa zaidi ya nusu yake. Na faida ya mbio hizo ni nini? Katika safari ya kilometa 100 utawahi kwa dakika 15 tu.

Kanyaga mafuta polepole, panda gia mapema bila kuichosha injini, tena tazama mbali mbele yako. Ukiona matuta au kizuizi, ondoa mguu mapema gari lipungue lenyewe. Kila ukanyagapo breki kwa nguvu, watupa mafuta uliyokwisha kuyalipia. Ukisimama sokoni kungoja zamu, zima injini.

Wako wasemao ya kwamba ukiacha wazi mlango wa nyuma wa bodi, hewa hupita na mafuta hupungua. Si hivyo. Mlango ukifungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi kama mto, na hewa nyingine hupita juu yake. Basi ufunge. Linaloleta hasara ni mzigo uliorundikwa juu kupita kebini, na turubai linalopepea. Panga mzigo chini, ufunge turubai likaze.

Kama gari lako huendeshwa kwa magurudumu manne, toa gia hiyo ufikapo barabara ya lami.

5. Kosa kubwa la mteremkoni

Sasa usome kwa makini, maana jambo hili limeua watu. Madereva wengine wakifika mteremkoni hutoa gia, wakaliacha gari lijiendee, wakidhani wanaokoa mafuta. Katika magari ya sasa, ambayo mafuta yake huongozwa na kompyuta, kinyume chake ndicho kweli. Gari likishuka likiwa ndani ya gia, na mguu umeondolewa, mafuta hukatwa. Magurudumu yenyewe ndiyo huzungusha injini. Ukitoa gia, injini yahitaji mafuta ili isizimike.

Hata kama gari lako ni la zamani lenye kabureta, usifanye hivyo. Gari lisilo katika gia halishikwi na injini. Breki peke yake hubeba uzito wote, hupata moto, na mwisho hazishiki. Mwenye kuzima injini hufanya vibaya zaidi, kwa sababu breki huwa nzito na usukani huwa mgumu. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo.

6. Utunzaji wa injini

Badili mafuta ya kulainisha kwa wakati wake, na aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kagua kichujio cha hewa mara kwa mara wakati wa vumbi. Katika magari ya kabureta kichujio kilichoziba huongeza matumizi. Katika mapya hupunguza nguvu zaidi.

Wako mafundi waondoao thamostati, wakisema nchi yetu ni ya joto, haina haja nayo. Usikubali. Kifaa hicho huizuia injini isikae baridi, na injini baridi hutumia mafuta mengi na kulika upesi. Kama gari huchemka, tafuta sababu yenyewe: rejeta iliyoziba, maji yavujayo, au feni isiyozunguka.

Mwisho wa safari fupi, karibia kila gurudumu kwa mgongo wa mkono bila kuligusa. Likiwa moja lina joto kupita mengine, huenda breki yake imeganda, nawe umekuwa ukiivuta njia nzima.

Tena usichanganye dizeli na mafuta ya taa. Pampu ya injini ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Lita utakazookoa hazitalipa pampu mpya.

7. Anza hivi

Usijaribu yote kwa siku moja. Juma hili, nunua daftari, ujaze tangi, upime matairi. Safari ijayo, punguza mwendo, na mlimani ushuke ndani ya gia. Safari ya tatu, soma hesabu yako, uilinganishe na ya kwanza. Kama imepanda hata kwa kilometa moja kwa lita, umepata faida bila kulima hatua moja zaidi. Waonyeshe na jirani zako daftari hilo, kwani hesabu iliyoandikwa huaminiwa kuliko maneno.