Kamari Ilipochekwa kwa Lugha ya Mtaani

Mpenzi msomaji, hebu jisogeze jioni moja ya Jumamosi hadi kijiwe cha bodaboda mjini Malindi, au kituo cha magari pale Kilifi. Utawakuta vijana wameinamia simu, midomo ikitembea kimyakimya kama wanaohesabu. Utadhani wanasoma salamu za jamaa, kumbe wanatazama "mkeka". Si mkeka wa ukindu aliousuka nyanya, bali orodha ya mechi walizobashiri. Timu moja ikiteleza, mkeka "umechanika", na pamoja nao nauli, pesa za unga, na mara nyingine karo ya mtoto.

Sote tumewahi kuwahubiria vijana hawa. Je, wametusikia? Ikiwa hawakutusikia, huenda tatizo si ujumbe bali sauti yetu. Ndiyo maana leo nataka tusafiri hadi Hong Kong ya mwaka 1974, tuone jinsi watu wa huko walivyoizungumzia kamari kwa namna nyingine kabisa.

Sinema za Hong Kong tulizozijua sana hapa pwani ni zile za ngumi na mateke, za marehemu Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973. Mwaka mmoja baadaye, kampuni ileile ya Golden Harvest iliyomtoa Bruce Lee ilitoa sinema ya aina nyingine. Jina lake kwa Kiingereza ni Games Gamblers Play. Aliyeiongoza ni Michael Hui, na hiyo ilikuwa sinema yake ya kwanza kuiongoza. Alicheza yeye mwenyewe pamoja na mdogo wake, Sam Hui. Ndugu hao walikuwa wamekwisha kupendwa na watazamaji wa televisheni tangu 1971.

Kisa chake ni chepesi. Matapeli wawili wanakutana gerezani. Wanapotoka wanaungana kusaka pesa za haraka kwa ujanja wa kamari. Basi hapo ni vituko juu ya vituko! Jirani na Hong Kong kuna Macau, mji wa kasino ambao wakati huo ulikuwa bado chini ya Wareno, wale wale waliotia nanga Malindi mwaka 1498. Watu wa Hong Kong walivuka maji kwenda kujaribu bahati huko. Kwa hivyo waliokaa ukumbini hawakuhitaji kuelezwa mcheza kamari ni mtu wa namna gani. Walimjua. Alikuwa shemeji, jirani, ama wao wenyewe.

Lakini siri kubwa ilikuwa lugha. Mapema miaka ya sabini, sinema nyingi za Hong Kong zilitolewa kwa Kimandarini, ilhali wenyeji walio wengi nyumbani na sokoni walisema Kikantoni. Akina Hui walichekesha kwa Kikantoni cha mtaani. Sam Hui naye, ambaye hapo awali alizoea kuimba kwa Kiingereza na bendi yake, alitunga nyimbo za sinema hiyo kwa lugha hiyohiyo ya mtaani. Wimbo uliobeba jina la sinema ulisimulia wajanja wanaohangaikia riziki kwa hila, na maisha yasiyotabirika kama kamari yenyewe. Haukumtukana mtu. Ulimwonyesha alivyo, akajicheka.

Matokeo yake? Sinema hiyo iliongoza kwa mapato Hong Kong mwaka huo, ikapita dola milioni sita za huko na kuvunja rekodi. Nyimbo zake zikaimbwa kila pembe, na hadi leo wajuzi wa muziki huzitaja kama mwanzo wa enzi ya muziki wa kisasa wa Kikantoni.

Sasa turudi nyumbani, msomaji wangu. Kamari si ngeni kwetu. Malindi ilizoea habari za kasino tangu enzi za watalii wa Kitaliano, na pata potea imewaliza wengi sokoni. Kenya ilikuwa na sheria ya kamari tangu 1966, nayo ikabadilishwa kwa sheria mpya mwaka 2025. Kilichogeuka ni kwamba kasino imehamia mfukoni. Mwaka 2017, uchunguzi wa GeoPoll uliofanywa kwa simu miongoni mwa vijana wa miaka 17 hadi 35 uligundua kuwa asilimia 76 ya waliohojiwa Kenya walikuwa wamewahi kucheza kamari. Siku hizi kuna na ule mchezo wa ndege inayopaa kwenye simu: kadiri inavyopanda, ndivyo pesa zinavyoongezeka, na ikitoweka kabla hujazitoa, zimekwenda nayo.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mkeka wa mechi 17, kila mechi ikiwa na matokeo matatu, yaani kushinda, kushindwa au sare, unaweza kujazwa kwa njia 129,140,163. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 47.6. Hata kama kila mmoja wao, pamoja na watoto wachanga, angejaza mikeka miwili isiyofanana na ya mwingine yeyote, huenda bado asipatikane mshindi! Ni kweli, mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda shilingi milioni 221, na nchi nzima ikasikia. Walioshindwa wiki hiyo waliimbiwa na nani?

Hapo ndipo penye kisa. Matangazo ya kamari yanajua lugha ya vijana. Yanatania, yanaimba, yanasema kimtaani. Sisi wazazi na walimu tunajibu kwa ukali. Na wala hatukukosa wachekeshaji. Vioja Mahakamani iliwaweka walaghai kizimbani miaka mingi tukicheka, na marehemu Mzee Ojwang na Mama Kayai walituonyesha nyumba zetu wenyewe katika Vitimbi. Kichekesho cha mkeka uliochanika, chenye wimbo wake wa Kiswahili cha Malindi au Kigiriama cha Kilifi, kingeweza kufika mahali ambapo mahubiri hayafiki. Anayechekeshwa na aibu yake huanza kuiona.

Basi leo Jumapili, mwanao akiishika simu, usimpokonye. Keti naye, mpige hesabu ya ule mkeka pamoja, na mcheke pamoja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mcheza kamari ni ndefu, ila mara nyingi huirudi kwa miguu, kwa kuwa nauli imekwisha. Haya, msomaji, kazi kwako.